Kabla ya Brembo, zifungue kwanza kalipa ulizonazo

Swali: Assalaam alaykum ami. Mimi ni kijana wa Chake Chake. Nina Subaru Impreza WRX ya 2002, turbo, gia za mkono, rimu za inchi 16, na mbele ina kalipa za pistoni nne zilizokuja nayo. Nikitoka Mkoani kwa mwendo, nikishashika breki kali mara nne au tano, pedeli inakuwa laini na inazama. Nikifunga breki kwenye 80 sukani inatetemeka, na gari inavuta kushoto. Sasa nimepata Dar kalipa za Brembo zilizovuliwa kwenye STI, ile Impreza ya nguvu zaidi, za mbele tu, pamoja na diski zake. Muuzaji anasema zinaingia bila kukata kitu. Ninunue?

Wa alaykum salaam, mwanangu. Usinunue bado. Kalipa hizo za Brembo, yaani vile vifaa vinavyobana pedi juu ya diski kutoka kampuni ya breki ya Kiitaliano, ni nzuri, na muuzaji hakukudanganya: mbele zinaingia kweli kwenye bolti zako. Lakini katika hizo dalili tatu ulizonitajia, hakuna hata moja inayosema kwamba breki zako ni ndogo. Zote tatu zinasema breki zako zinaumwa. Ukifunga kalipa kubwa juu ya mfumo unaoumwa, pesa itakwenda na ugonjwa utabaki.

Nianze na pedeli, maana hiyo ndiyo inayoua. Pedeli kuwa laini baada ya breki kadhaa kali maana yake mafuta ya breki yamechemka ndani ya kalipa. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana nguvu ya mguu wako inafika kwenye pedi. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga, mguu unaubana mvuke, pedi hazipati kitu. Gari ikipoa mvuke unarudi kuwa mafuta, asubuhi pedeli iko juu kama kawaida, na mtu anasema breki nzima.

Kwa nini yachemke? Mafuta haya hunywa maji. Yananyonya unyevu wa hewa kupitia mipira ya breki, ile inayopeleka mafuta kwenye kalipa, na tundu la kifuniko cha kikopo, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Viwango vyake vinajulikana kwa madaraja ya DOT: DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango chake kinateremka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. DOT 5.1 ni 260 na 180. Hayo "yenye maji" hupimwa yakiwa na maji chini ya asilimia 4. Na sisi tunaishi visiwani, nguo ukiianika usiku wakati wa masika asubuhi unaikuta mbichi kuliko ulivyoianika. Mafuta ambayo kwenye nchi kavu yangekaa miaka miwili, hapa kwetu mimi nayabadilisha kila mwaka.

Hukuniambia yamebadilishwa lini. Nadhani hujui, na si kosa lako. Magari mengi yanayoingia gereji kwangu huongezwa tu: kikopo kikishuka, kinajazwa. Yale yaliyomo ndani ya kalipa, ambako ndiko kwenye moto, hayajaguswa tangu gari iko Japani.

Ipo dalili nyengine inayofanana na hiyo, usizichanganye. Kama pedeli inabaki ngumu na juu lakini gari haisimami, hapo mafuta ni mazima na pedi ndizo zilizozidiwa na joto. Dawa yake ni pedi. Wewe umesema laini na inazama, kwa hiyo tunakwenda na mafuta.

Sasa mtetemo wa sukani. Kila mtu atakwambia diski imepinda. Mara nyingi haikupinda. Kinachotokea ni kwamba diski imekuwa na unene usio sawa, na chanzo chake kwetu ni kutu. Diski hukaa juu ya uso wa habu, kile kitovu linapofungwa gurudumu. Uso ule ukiwa na kutu kidogo tu, diski inakaa upande, na inapozunguka inayumba kwa kiasi ambacho jicho halioni. Kila mzunguko inaigusa pedi pahala pale pale, pahala pale panaliwa au panashika utando wa pedi, na baada ya kilomita elfu kadhaa sukani inaanza kutetemeka. Ukinunua diski mpya ukaifunga juu ya habu ile ile yenye kutu, utakuwa na mtetemo mwengine kabla ya mwaka. Habu isuguliwe kwa brashi ya chuma mpaka ing'ae, kisha mayumbo yapimwe kwa geji ya saa: yasifike hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Fundi asiyekuwa na geji hiyo anakisia. Na nati za tairi zikazwe kwa msalaba, kwa spana ya kupimia nguvu. Bunduki ya upepo ikazayo moja kwa fujo na nyengine nusu nusu inapindisha kazi yote.

Kuvuta kushoto nako kuna habari yake. Gari huvuta upande ule unaoshika zaidi. Kwa hiyo ama kulia kumelala, ama kushoto kunashika hata usipokanyaga. Tofauti utaijua kwa joto. Endesha kilomita kumi kwa utaratibu, ukitumia breki kidogo tu, kisha simama na upime diski zote nne kwa kipima joto cha kuelekeza, kile cha mafundi. Kile cha kupimia watu homa kilichojaa wakati wa korona hakifai, kimetengenezwa kwa joto la mwili tu. Gurudumu lililo moto kuliko wenzake bila sababu, kalipa yake haiachii. Kisha rudia safari kwa breki kali chache. Gurudumu la mbele lililo baridi kuliko mwenzake, hilo halifanyi kazi.

Dau langu ni kwamba pistoni moja au mbili za kulia zimeshika kutu. Kalipa yako ina pistoni nne zinazotazamana, mbili kila upande. Sili ya ndani inazuia mafuta, na raba ya vumbi ya nje inazuia mchanga na chumvi. Raba ile ikichanika baada ya miaka ishirini, hewa ya bahari inaingia na kutu inaota kwenye pistoni pale nje ya sili. Pedi zikiwa nene hakuna tatizo. Zikiliwa, pistoni inatoka zaidi, na siku unapoweka pedi mpya fundi anaisukuma irudi ndani kwa nguvu, kutu inapita kwenye sili. Kuanzia siku ile ama inavuja, ama inakwama.

Dawa ni kuzifungua zote mbili za mbele, si moja. Pistoni zenye madoa ya kutu zitupwe, sili na raba zote ziwe mpya, na ile mifereji zinamokaa sili ikwanguliwe taratibu, maana uchafu unaojikusanya nyuma ya sili ndio unaoisukuma ibane pistoni. Hapa nakuomba usimame juu ya kichwa cha fundi kwa jambo moja: asioshe sili kwa petroli, dizeli wala mafuta ya injini, na asipake grisi ya kawaida. Raba za breki hazivumilii mafuta ya petroli hata kidogo, zinavimba. Zioshwe kwa spiriti au kwa mafuta ya breki yenyewe.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu lilitokea kwangu. Zamani kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha aliosha sili kwa petroli, mimi nikazifunga bila kuuliza. Gari ikatoka nzuri. Wiki iliyofuata mwenyewe alirudi na magurudumu ya mbele yanatoa moshi, sili zimevimba hazirudishi pistoni, na ndani ya gari walikuwamo watoto wake wawili anawapeleka skuli. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Tangu siku hiyo sili nazifunga mwenyewe.

Nyuma nako kusisahauliwe. Kama kalipa zako za nyuma ni zile zinazotembea juu ya pini, zitoe pini, uzisugue, upake grisi ya silikoni. Pini ikikwama, pedi moja inaliwa hadi chuma na mwenzake bado mpya. Watu wengi wanaofikiri wana breki ndogo mbele, ukweli wao ni kwamba nyuma haifanyi kazi miaka mingi.

Hebu sasa tuje kwenye Brembo zenyewe, maana najua moyo wako uko huko. Nami naelewa. Impreza ni gari iliyowapa ubingwa wa rali wa dunia Colin McRae mwaka 1995, Richard Burns 2001 na Petter Solberg 2003, na ukiwa nayo unatamani iwe na kila kilicho bora. Lakini tazama walivyofanya wale wale wa rali. Kwenye lami walifunga rimu za inchi 18 na diski kubwa. Kwenye vumbi na changarawe walirudi kwenye rimu za inchi 15 na diski ndogo, magari yale yale, madereva wale wale. Kinachosimamisha gari ni mpira juu ya barabara. Breki kazi yake ni kuuzuia mpira usizunguke. Kama breki yako ya sasa, ikiwa nzima, inaweza kuufikisha mpira mahali ambapo ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande) inaanza kupiga, basi kwa breki moja kali huna nguvu zaidi ya kutafuta. Brembo haitakusimamisha mapema zaidi kwenye mpira ule ule.

Kinacholetwa na diski kubwa ni uwezo wa kumeza joto. Nikupigie hesabu. Gari yako na watu wawili ndani ni kama kilo 1,500. Kwenye 100 kwa saa ina nishati ya karibu kilojuli 580, kiasi cha kutosha kuchukua lita mbili za maji ya mferejini kutoka nyuzi 30 hadi ukingoni mwa kuchemka. Ukisimama, joto lote hilo linaingia kwenye diski, na sehemu kubwa inabebwa na mbili za mbele. Kwa diski yenye kilo saba au nane, kusimama mara moja kunaipandisha kama nyuzi 50 hadi 60. Mara moja si kitu. Mara nane bila kupumzika, hapo tunazungumza habari nyengine. Ukisimama kutoka 60 joto ni kama theluthi tu ya lile la kutoka 100. Mwendo ndio unaopika breki, tena kwa mraba.

Pemba si Unguja. Unguja mtu anatoka mjini hadi Paje na breki zake hazijui kilima. Kwenu barabara ya Mkoani hadi Chake ni kupanda, kushuka, kona, na nyumba pembezoni. Lakini miteremko yenu ni mifupi, na una gia za mkono. Shuka na gia ya tatu, iache injini ibebe. Breki za pistoni nne za kiwandani, zikiwa nzima na zikiwa na mafuta mapya, zinaimudu barabara ile kwa mwendo wowote ambao dereva mwenye kuwajali watu wa kando ya njia anaweza kwenda.

Na mfano ukiamua kuzifunga hizo za mbele tu? Kwanza, diski ya Brembo ya STI ni milimita 326 kwa upana, yako ni 294. Haiingii ndani ya rimu ya inchi 16. Utahitaji rimu za 17, tena zile ambazo mikono yake haigusi kalipa, na matairi manne. Pili, uliza STI ile ni ya mwaka gani. Hadi 2004 bolti za tairi zilikaa kwenye duara la milimita 100, kama zako. Kuanzia modeli ya 2005 ni 114.3, na diski zake hazikai kwenye habu yako. Tatu, na hili ndilo zito, mbele ikizidishiwa nguvu na nyuma ikaachwa ilivyo, mizani inaharibika. Magurudumu ya mbele yanafika ukomo mapema, ABS inaanza kuachia, na ya nyuma bado hayajafanya kazi yake. Gari inaweza kuchukua umbali mrefu zaidi kusimama kuliko ilivyokuwa, huku dereva anahisi imeshika kwa nguvu kwa sababu pua inainama sana. Ukitaka kuweka na za nyuma ili mizani irudi, utakuta ndani ya diski ya nyuma ya STI ngoma ya breki ya mkono ni milimita 190, na ya WRX ni 170. Kwa hiyo ama ubadilishe na habu, ama utafute diski maalumu. Unaona ilivyofika mbali, ile "haikatwi kitu".

Siwakatazi watu. Nimeshafunga Brembo kamili, mbele na nyuma, kwa mtu aliyekuwa na rimu na akaleta kila kitu kutoka gari moja, na ilikuwa kazi tamu. Kama utafika huko, nakupa tahadhari mbili. Za kulia na kushoto zisibadilishane: nipeli ya kutolea upepo ulionaswa ndani ya mafuta lazima ikae juu, ikikaa chini upepo hautoki maisha. Na zitazame ndani kabla ya kulipa, kwa sababu kalipa ya mtumba iliyopakwa rangi nyekundu mpya inaweza kuwa imeoza sawasawa na yako. Yale maganda ya plastiki mekundu yanayobandikwa juu ya kalipa za kawaida usiyaguse kabisa, yanafungia joto.

Kwa pesa ile ile fanya hivi. Kalipa zote zifunguliwe kama nilivyoeleza. Mipira ya breki yote mipya, hiyo huenda ina umri wa gari yenyewe. Ndani huwa inavimba na kuziba, nje inaonekana nzima. Yenye nyuzi za chuma ni mizuri, pedeli inakuwa na uhakika zaidi, ila kagua maungio yake kwa kutu kila miezi sita. Ukikuta bomba la chuma limeliwa chini ya gari, lisirekebishwe kwa bomba la shaba la friji, ambalo naliona sana. Halikutengenezwa kwa nguvu ile. Lipo bomba la breki la shaba iliyochanganywa na nikeli, halishiki kutu na linakunjika kwa mkono.

Diski mbili za mbele za kawaida, zenye uwazi wa hewa katikati. Zisizotobolewa. Matundu yanapendeza machoni lakini ndipo nyufa zinapoanzia. Kama zako za sasa bado nene, soma unene wa mwisho uliogongwa kwenye diski yenyewe kabla ya kuzitupa. Pedi chukua za barabarani za daraja la juu. Za mashindano zinataka joto ndiyo zishike, na asubuhi baridi unapotoka nyumbani mtoto akikatiza mbele ya skuli hutakuwa na joto hilo. Jihadhari na bandia. Nimeshika mkononi pedi ambayo ngozi yake ilibanduka kwenye bati kama kipande cha mkate, kwenye boksi zuri. Nunua kwa mtu ambaye kesho utamkuta.

Mafuta ni DOT 4 nzuri au DOT 5.1, chupa iliyofungwa, ifunguliwe siku ya kazi. Usidanganywe na DOT 5 bila ile .1, hiyo ni ya silikoni na haichanganyiki na hizi. Wakati wa kutoa upepo weka kipande cha ubao chini ya pedeli ili isifike mwisho. Masta silinda, ile pampu ya mafuta inayosukumwa na pedeli, ikiwa ya miaka ishirini imezoea kutembea sehemu ya juu tu, huko chini kuna kutu, na sili zake zikipelekwa huko siku moja zinachanika. Toeni hadi yatoke masafi magurudumu yote manne, kwa mfuatano wa kitabu cha gari.

Kisha pedi zifundishwe. Toka baada ya sala ya alfajiri, barabara ikiwa tupu. Ukiwa na 60 punguza hadi 15 kwa nguvu ya wastani, usisimame kabisa, ongeza tena, rudia mara nane au kumi. Utasikia harufu, ni kawaida. Halafu endesha kilomita kumi bila kugusa breki zipoe, na usisimame umekanyaga pedeli diski zikiwa moto, kwa sababu pedi itaacha alama yake na mtetemo utarudi.

Matairi nimeyaacha mwisho lakini ndiyo ningeyaangalia kwanza. Tafuta kwenye ubavu namba nne za mwisho baada ya neno DOT: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mengi ya mtumba yanaonekana na meno kamili lakini jua limeyakausha, na mvua ya kwanza ya vuli ikilowesha vumbi la lami yanateleza kama sabuni. Bakisha fungu la matairi mapya manne ya aina moja kabla hujafikiria rangi ya kalipa.

Ukitoka pwani gari ioshwe kwa maji baridi, ndani ya rimu pia. Ikikaa wiki bila kutembea, isogeze kidogo, pedi zisigande kwenye diski.

Anza na kile kipimo cha joto, hakikugharimu zaidi ya mafuta ya kilomita ishirini. Niletee namba za magurudumu yote manne, kabla ya breki kali na baada yake, pamoja na picha ya kalipa za nyuma na zile namba nne za tairi. Muuzaji wa Dar mwambie akusubiri.